Jon Postel, karani aliyetunza daftari la majina ya intaneti mpaka Zaire ilipogeuka Kongo

LIKASI – Watu wa Likasi wanajua maana ya kubadilishiwa jina. Mji huu uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Mbelgiji Jean Jadot, mpaka mwaka wa 1966. Jimbo letu lilikuwa Katanga, likawa Shaba wakati wa Mobutu, likarudi Katanga, na tangu 2015 sisi ni Haut-Katanga. Nchi nayo ilikuwa Kongo, ikawa Zaire mwaka wa 1971, kisha tarehe 17 Mei 1997 Mzee Laurent-Désiré Kabila akairudishia jina la Kongo. Kila mara kuna karani fulani aliyelazimika kufungua daftari, kupiga mstari juu ya jina la zamani na kuandika jipya.

Mwaka ule wa 1997 kulikuwa na daftari moja ambalo watu wachache sana hapa kwetu walijua kwamba lipo. Lilitunzwa Marina del Rey, pwani ya California, na mtunzaji wake alikuwa mwanaume mwenye ndevu ndefu, mpenda makubazi, aliyetimiza miaka 54 mwaka huohuo. Jina lake Jon Postel. Katika daftari hilo Zaire ilikuwa na herufi mbili, .zr, za kuwekwa mwishoni mwa anwani za intaneti. Mwezi wa 8 Kongo ikaandikiwa herufi zake mpya: .cd. Ndizo hizo unaziona leo kwenye anwani za wizara, za vyuo vikuu na za magazeti ya Kinshasa na Lubumbashi.

Vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti wanamjua Tim Berners-Lee, Bill Gates, na wengine waliotajirika ao kupewa medali. Postel hawamjui. Lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka kwenye simu bila kupita juu ya kazi yake, na kasoro nyingi zinazotusumbua kwenye kurasa hizo zinatoka, kwa njia ya mzunguko, katika kanuni moja aliyoiandika yeye.

Mwanafunzi aliyejipendekeza kuwa karani

Jonathan Bruce Postel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, karibu na Los Angeles. Alisoma sekondari ya Van Nuys, shule ileile waliyosoma Vint Cerf na Steve Crocker, ambao baadaye wangekuwa wenzake wa kazi. Chuo kikuu alisoma UCLA: digrii ya uhandisi mwaka wa 1966, ya pili 1968, na udaktari wa sayansi ya kompyuta mwaka wa 1974.

Alikuwa UCLA wakati jeshi la Marekani lilipoanza kugharamia mtandao wa majaribio ulioitwa ARPANET. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, kompyuta ya maabara hiyo ilituma neno la kwanza kwa kompyuta ya Stanford, mamia ya kilometa kaskazini. Zilifika herufi mbili tu, kisha mashine ya upande wa pili ikazimika. Saa moja hivi baadaye walijaribu tena, ikakubali.

Tatizo kubwa la vijana wale halikuwa nyaya. Kompyuta za wakati ule zilitengenezwa na kampuni mbalimbali, na kila moja ilikuwa na lugha yake, kama watu wa vijiji mbalimbali waliokutana sokoni bila mkalimani. Ilibidi wakubaliane: nani anaanza kusema, anasalimu namna gani, anajuaje kwamba mwenzake amesikia. Mwezi wa 4 mwaka wa 1969 Steve Crocker aliandika barua ya kwanza ya mapendekezo. Alikuwa mwanafunzi na aliogopa kuonekana anaamrisha wakubwa, kwa hiyo akaipa jina la unyenyekevu, la kuomba tu maoni. Kifupi cha jina hilo, RFC, kimebaki mpaka leo, na barua zenye namba za mfululizo zimepita 9000.

Mtu wa kuzipokea, kuzisahihisha, kuzipa namba na kuzisambaza akawa Postel. Aliifanya kazi hiyo miaka karibu 29, mpaka kifo chake.

Kazi ya pili aliiomba mwenyewe. Kila huduma ya mtandao ilihitaji namba yake, na watu walikuwa wakijichukulia namba ovyo. Mwezi wa 5 mwaka wa 1972 Postel aliandika barua akipendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa namba, na akajipendekeza yeye. Hakuna aliyekataa, nadhani hakuna mwingine aliyeitaka. Kazi ya karani haigombewi. Alianza na karatasi na daftari, na miaka ilivyoenda orodha ile ikawa kitabu kizima, alichokitoa pamoja na Joyce Reynolds, mwenzake wa miaka mingi. Humo ndimo barua pepe ilipewa namba 25. Mwaka wa 1992 orodha ikaonyesha huduma changa ya Berners-Lee, iliyoitwa Wavuti, ikiwa na namba 80.

Kanuni ya kuvumiliana

Tangu 1977 Postel alifanya kazi katika taasisi ya sayansi ya habari ya chuo kikuu cha Southern California, kule Marina del Rey, kwa mishahara iliyotoka kwenye mikataba ya serikali ya Marekani. Huko ndiko alikohariri maandishi yanayobeba intaneti nzima. Mwezi wa 9 mwaka wa 1981 zilitoka barua mbili, namba 791 na 793, zinazoeleza namna habari inavyokatwa vipande, kuandikiwa anwani, kusafirishwa na kuunganishwa tena. Mwaka uliofuata akaandika ile ya barua pepe. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wote ukahamia kwenye taratibu hizo. Hazikuachwa tena.

Ndani ya maelezo hayo, tangu rasimu ya 1980, Postel aliweka kanuni ndogo, ya mistari michache. Alitaka kila programu iwe makini sana kwa kile inachotuma, ifuate sheria bila mchezo. Lakini iwe na moyo mpana kwa kile inachopokea, na mwenzake akikosea kidogo ielewe alichokusudia na kuendelea na kazi.

Mtu wa Likasi haihitaji kufafanuliwa sana. Mji huu ulijengwa na migodi, na migodi ilileta watu wa makabila na nchi mbalimbali. Wakaletwa hapa, wakakutana kwenye kambi za wafanyakazi za Panda na Shituru, kila mmoja na Kiswahili chake kilichovunjika kwa namna yake. Kama kila mtu angekataa kujibu mpaka mwenzake aseme sawasawa, pasingekuwa na mji. Kwa mtandao uliokuwa ukizaliwa, wenye mashine za kila aina na waandishi wa programu waliokuwa bado wanajifunza, kanuni ya Postel ilikuwa dawa. Naamini bila kanuni hiyo mtandao ungebaki wa maabara chache.

Kisha ikaja Wavuti. Postel hakuibuni, lakini ilipita mikononi mwake: maelezo rasmi ya kwanza ya HTML, lugha inayoandika kurasa, yalitoka kama barua ya RFC mwezi wa 11 mwaka wa 1995, na yale ya HTTP, utaratibu wa kuzisafirisha, mwezi wa 5 mwaka wa 1996. Watengenezaji wa vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa kama Netscape wakati ule ao Chrome leo, waliishika ile nusu ya pili ya kanuni, ya kupokea kwa moyo mpana. Mwandishi wa ukurasa akisahau kufunga alama, kivinjari kilikisia alichotaka na kukionyesha. Nusu ya kwanza, ya kuwa makini na unachotuma, ikasahauliwa. Kwa nini ujisumbue wakati kivinjari kinasamehe?

Matokeo yake yakawa mabaya. Netscape kilikisia kwa namna yake, Internet Explorer ya Microsoft kwa namna nyingine, na kila kampuni ikaongeza alama zake yenyewe ili kumshinda mpinzani. Kurasa zikaanza kubeba tangazo la kumwambia msomaji abadilishe kivinjari kwanza. Mwaka wa 2000 shirika la viwango la W3C lilijaribu kugeuza gari: likatoa XHTML, aina ya HTML ambayo, ikitumiwa kwa ukali wake wote, kosa moja tu lilitosha kivinjari kukataa ukurasa mzima. Waandishi wa kurasa hawakuikubali. Nani angetaka gazeti lake lizimike kwa sababu ya alama moja?

Njia iliyofaulu ilitoka kwa kundi lililoundwa mwaka wa 2004 na watu wa Apple, Mozilla na Opera. Badala ya kuwafokea wakosaji, walikaa wakaandika, kosa baada ya kosa, kile ambacho kila kivinjari kinapaswa kufanya kikikutana nalo, ili vyote vikosewe sawa na virekebishe sawa. Hiyo ndiyo HTML5, iliyopitishwa na W3C mwezi wa 10 mwaka wa 2014. Msamaha ulibaki, lakini sasa una sheria. Mwaka wa 2023 wahandisi walitoa barua nyingine ya RFC, namba 9413, wakionya kwamba uvumilivu usio na mipaka unazeesha mtandao vibaya: kosa lisilokemewa linageuka desturi, na anayekuja baadaye analazimika kuiga kosa hilo ili aeleweke. Ni haki kusema kwamba Postel mwenyewe alidai pande zote mbili. Waliofuata walichukua ule upande rahisi.

Gharama yake inalipwa na mtu wa mwisho kwenye mstari. Mwaka fulani nilikaa alasiri nzima nikijaribu kujaza fomu ya ofisi moja, ambayo sitaitaja, kwa simu ya bei ndogo. Ukurasa ulikuwa umepimwa bila shaka kwenye kompyuta mpya ya aliyeutengeneza na kwenye kivinjari chake tu. Kwangu kitufe cha kutuma hakikuonekana kabisa, na kila nilipoanza upya mega zilikatwa. Fundi hakuwa mtu mbaya. Hakuna kitu kilichomlazimisha kuwa makini na anachotuma, basi hakuwa makini.

Herufi mbili za nchi

Mwanzoni kompyuta zilijulikana kwa namba, na majina yote yaliorodheshwa kwenye faili moja. Mashine zilipoongezeka faili hiyo ikashindwa. Postel alimpa kazi mwenzake, Paul Mockapetris, na mwaka wa 1983 ukatoka mfumo wa majina tunaoutumia leo, unaosomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo: kwanza .com ao .org ao herufi za nchi, kisha jina lenyewe.

Kwa herufi za nchi Postel alifanya uamuzi uliomwokoa na vita vingi. Alikataa kabisa kuamua nchi ni ipi. Alichukua orodha ya herufi mbilimbili ya shirika la kimataifa la viwango, ISO, iliyokuwa ikitunzwa Berlin na kufuata majina ya Umoja wa Mataifa. Kama uko kwenye orodha hiyo unapata herufi. Kama hauko, nenda kaongee na wenye orodha. Hapa Likasi uzito wa swali hilo unaeleweka. Jimbo hili lilijitangaza nchi tarehe 11 Julai 1960, na mwezi wa 9 mwaka wa 1961 askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizingirwa hapahapa Jadotville kwa sababu ya jambo hilo. Karani mwenye busara hatii kidole hapo.

Ndiyo maana mwaka wa 1997 hakuna mtu wa Kinshasa aliyelazimika kwenda kumbembeleza mtu wa California. Umoja wa Mataifa ulipokubali jina jipya, orodha ya ISO ikabadilika, na Postel akaifuata. CG ilikuwa tayari ya Brazzaville na CO ya Colombia. Kongo yetu ikapata CD.

Kuhusu nani wa kukabidhiwa herufi hizo, mwezi wa 3 mwaka wa 1994 alitoa barua namba 1591. Hiyo ndiyo ningependa kila mwanasheria wa Kongo aisome. Anaeleza kwamba anayetunza jina la nchi ni mdhamini tu, kwa niaba ya watu wa nchi hiyo na ya watumiaji wote wa mtandao. Maneno ya haki na umiliki, kwake, hayana nafasi hapo. Ya maana ni wajibu na huduma. Kwa msingi huo aliwakabidhi watu aliowaamini, mara nyingi bila karatasi nyingi: Kenya mwaka wa 1993, ambako Shem Ochuodho alikuwa mhusika, na Uganda 1995 kwa Charles Musisi. Hakukuwa na kodi wala mnada.

Uaminifu huo ulikuwa na udhaifu wake. Katika nchi nyingi za Afrika herufi za taifa zilikaa miaka mbali na nyumbani ao mikononi mwa mtu binafsi, na .cd ilitafutiwa wateja hata nje kwa sababu iliwakumbusha watu CD za muziki. Baadaye ilikabidhiwa ofisi ya posta na simu, OCPT, ambayo leo ni SCPT. Kipimo cha kuihukumu kipo bado kwenye barua ile ya 1994: je, inawahudumia watu wa nchi? Kijana wa Kikula anayetaka kufungua tovuti ya duka lake bado anaenda moja kwa moja kwenye .com.

Wiki moja ya Januari

Kufikia miaka ya 1990 mtandao ulikuwa biashara. Kampuni moja ya Virginia, Network Solutions, iliuza majina ya .com kwa mkataba wa serikali ya Marekani, na pesa zilikuwa nyingi. Postel alipanga kuongeza herufi mpya za mwisho na kuweka usimamizi mikononi mwa jumuiya ya kimataifa. Serikali ya Marekani haikutaka. Gazeti la The Economist lilikuwa limemfananisha na mungu wa intaneti, lakini mungu huyo alikuwa mfanyakazi wa chuo kikuu, na karatasi iliyosema mamlaka yake yanatoka wapi ilikuwa nyembamba sana.

Tarehe 28 Januari 1998 aliwaandikia barua pepe wasimamizi 8 wa seva mama, zile zinazohifadhi orodha ya juu kabisa ya majina. Aliwaomba waache kuchukua orodha kutoka Virginia na waichukue kwenye kompyuta yake mwenyewe, Marina del Rey. Wote wakatii. Hawakutii sheria wala amri. Walimtii Jon, ambaye kwa karibu miaka 30 hakuwahi kuwadanganya. Kwa siku chache mtandao ulikuwa na mama wawili, na kwa kuwa orodha zote mbili zilifanana, hakuna msomaji aliyehisi kitu.

Washington ilihisi. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton, akaingilia kati, na Postel akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akieleza kwamba lilikuwa jaribio. Waliomfahamu bado wanabishana kama kweli lilikuwa jaribio ao lilikuwa onyo la mtu mpole. Mimi nina upande wangu: mtu aliyeishi kwa kupima kila kitu kabla ya kukitangaza alikuwa anapima pia nguvu ya nani ni ipi. Siku mbili baada ya barua pepe ile serikali ikatoa mapendekezo yake rasmi, na mwisho wa mwezi wa 9 likaundwa shirika jipya lisilo la faida, ICANN, la kuchukua daftari lake. Postel alikubali kulisaidia lianze.

Hakuliona likifanya kazi. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, na mwaka wa 1991 alikuwa amebadilishiwa kilango cha moyo. Mwezi wa 10 mwaka wa 1998 alipasuliwa tena huko Los Angeles, na tarehe 16 akafariki, akiwa na miaka 55. Siku iliyofuata Vint Cerf, mwenzake wa miaka mingi, aliandika tanzia na kuipeleka mahali palipostahili: ilitoka kama barua ya RFC, namba 2468, katika mfululizo uleule ambao marehemu aliuhariri maisha yake yote.

Tangu 1999 kuna tuzo yenye jina lake kwa watu wanaouhudumia mtandao. Mwaka wa 2007 ilimwendea Nii Quaynor wa Ghana, mmoja wa walioleta intaneti Afrika Magharibi. Barua za RFC zinaendelea kutoka, bure, kwa yeyote anayetaka kuzisoma, na vivinjari vya simu zetu vinaendelea kusamehe makosa ya waandishi wa kurasa.

Herufi .zr ziliishi kidogo baada ya kifo cha mtunzaji wao. Daftari halikuzifuta siku ile .cd ilipoandikwa, zilisubiriwa mpaka wenye anwani wahamie jina jipya, ili mtu asije akapotezewa barua zake katikati ya safari. Zilifutwa mwezi wa 6 mwaka wa 2001, miaka minne baada ya Zaire yenyewe.